Kaseti Iliyonijengea Mguu

Juzi nimeita mafundi wa jipsamu nyumbani, wakaanza kukoroga ule unga wao mweupe ndani ya ndoo, na kabla sijawawekea chai nikajikuta nimekaa chini sebuleni nimeushika mguu wangu wa kushoto. Ni harufu. Harufu ya unga mbichi unaoanza ukiwa baridi, halafu ukiganda unapata joto lake wenyewe. Fundi mmoja akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, aendelee na kazi. Sikuwa nimeumia popote. Nilikuwa nimerudi Rhonda, mtaa wetu wa Nakuru, kwenye chumba chetu cha mabati, niko ndani ya plasta kutoka kiunoni mpaka karibu na vidole, na nina hasira za kuchemsha maharagwe.

Rika langu mtanielewa. Sisi ndio tuliokua wakati kila mtaa ulikuwa na chumba cha gemu. Chetu kilikuwa nyuma ya duka la makaa, pazia la gunia mlangoni, televisheni za mgongo mkubwa ndani, na vijana wamebanana kwenye fomu, yale mabenchi marefu, wakipigiana kelele. Wasichana hatukuruhusiwa. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Mwenye chumba alikuwa anakuuliza tu, "We msichana, mamako anajua uko hapa?" huku kijana wa umri wangu akipita chini ya mkono wake bila kuulizwa hata jina. Nililia mara ya kwanza. Mara ya pili sikulia. Nilizunguka nyuma, nikapanda ukuta wa mawe, nikaweka jicho kwenye tundu la hewa, nikaona gemu kwa raha zangu mpaka jiwe la juu likang'oka nikaanguka nalo.

Watu wa ploti, wapangaji wenzetu, walisema niliponzwa na gemu. Mama alisema hivyo, jirani wakasema hivyo, na miaka yote hii kwenye harusi na mazishi bado yupo shangazi mmoja anayesema hivyo. Si kweli, na nimechoka kunyamaza nikisikia. Niliponzwa na mlango. Ningeruhusiwa kuingia kama binadamu wengine ningekaa kwenye fomu na ningetoka na miguu yangu yote.

Mfupa wa paja ulikatika vipande viwili. Nakumbuka daktari ameinua ile picha ya eksirei dirishani, na mimi nimelala nikiitazama: kipande huku, kipande kule, na katikati nafasi nyeusi. Akamwambia Mama, lakini mimi ndiye niliyesikiliza, "Hapa katikati mfupa utajijenga wenyewe. Polepole, hatua kwa hatua. Hakuna haraka." Basi nikawa najua kwamba mguu wangu uko kazini. Sikujua nani anaufanyia hiyo kazi.

Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, akija nyumbani mara moja moja. Mama alikuwa anauza mboga, zinakuja na gari la asubuhi kutoka Subukia, kwa hivyo alikuwa anatoka kabla sijapata akili vizuri. Ananilaza karibu na mlango, ananiachia uji kwenye thamosi, anamwambia jirani anichungulie. Siku nzima ilikuwa ni kuangalia nguo za watu zikikauka kwenye kamba. Na nyuma ya duka la makaa vijana wakipata goli, ploti nzima inasikia. Mimi nilikuwa nauma blanketi. Sisemi hivyo kwa mapambo, blanketi lile lilikuwa na alama za meno.

Aliyeniokoa ni Anti Nduta, mdogo wake Mama, aliyekuwa anasoma chuo kule Njoro. Anti alikuwa mtu wa kuingia nyumbani kwa watu akicheka na kuacha watu wakigombana. Jumamosi moja akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya sweta.

"Sasa, Muthoni?"

"Poa."

"Poa wapi, na umepigwa simiti kama nguzo ya stima? Fungua hii."

Ilikuwa gemu ya kushika mkononi. Rangi ya bluu iliyopauka, kifuniko cha mawe hakipo, mawe yenyewe yameshikiliwa na kipande cha mpira wa blada. Mawe, kwa wale waliokulia kwenye nyumba za stima ya uhakika, ndizo zile betri za redio. Ilikuwa kuukuu hata wakati huo. Nilipoiwasha ikatoa mlio mdogo wa kunisalimia, na mimi nikalia mbele ya Anti bila aibu yoyote.

"Kaseti yake angalia vizuri," Anti akaniambia, akaichomoa. "Zile za kawaida ni gemu moja mpaka ufe. Hii ni ya kujaza. Unaona hapa pembeni? Inaingia memori kadi kama ya simu. Unapeleka kwa watu wa saiba, wenye kompyuta, wanakuwekea gemu, vile wanawekea watu nyimbo."

"Si ni bei sana?"

"Ya dukani ndiyo bei. Hii ni ya kijana wa hosteli, ilikuwa imepasuka, nikaibandika na glu. Usiniulize tena."

Hapa lazima nisimame kidogo nigombane na mtu. Mpaka leo niko kwenye yale makundi ya mtandaoni ambapo watu wazima wenye kazi zao na watoto wao tunaulizana wapi kunapatikana kaseti za kujaza za bei ya binadamu. Na kila mara anatokea mmoja: nunueni za orijino, ama acheni utoto. Huyo ni wangu, huwa namjibu kabla hajameza mate. Namwuliza ni duka gani Nakuru hii lilikuwa linatuuzia orijino sisi watoto wa Rhonda, na mzazi gani angeacha kununua unga aende kununua. Tulicheza kilichotufikia. Kama isingekuwa vile vikaseti vya kubandikwa na glu, mimi ningehesabu kamba za nguo mpaka nipate kichaa, na sitaomba mtu msamaha.

Gemu niliyoipenda ilikuwa ya mtu mdogo mwenye nyundo. Kuna bonde, ng'ambo na ng'ambo ni miamba, na katikati hakuna kitu. Mtu wangu anakimbia huku na huku akikusanya magogo, anaruka nyoka, anakwepa mawe yanayoporomoka. Ukimaliza hatua moja, kinaongezeka kipande kimoja cha daraja. Kazi yenyewe ni kuunganisha ng'ambo hizi mbili. Na ile kaseti ilikuwa inakumbuka! Unaizima usiku, asubuhi unakuta daraja lilipoishia ndipo lipo. Zile kaseti nyingine za gemu mia kwa moja, ukizima tu, umerudi mwanzo kama hujawahi kuzaliwa.

Sasa nyinyi mmeshaelewa kilichotokea kwenye kichwa cha mtoto. Ng'ambo hii, ng'ambo ile, nafasi katikati. Polepole, hatua kwa hatua. Sikuwaza, nilijua tu, kama ninavyojua jina langu, kwamba yule mtu mwenye nyundo ndiye anayejenga mfupa wangu. Kila nilipomaliza hatua nilikuwa nahisi mguu ukiwasha ndani ya plasta, na nikajua kipande kimeingia. Sikumwambia yeyote. Kitu kama hicho ukikisema watu wazima wanakuharibia.

Mama aliichukia ile gemu tangu siku ya kwanza. Alimwambia Anti, "Imemvunja mguu huko nje, sasa umeileta mpaka kitandani." Lakini mtoto alikuwa ametulia, hakuwa analia tena, kwa hivyo akameza. Ila mawe alikataa katakata kununua. Nilikuwa natoa ya redio, nayaanika dirishani yapate jua, yanarudisha nguvu kidogo, nacheza mpaka skrini inafifia.

Siku ikafika plasta ikakatwa. Mguu ulitoka mwembamba, umepauka, una ngozi ya mtu mwingine. Daktari akaubonyeza, akatazama picha mpya, akasema mfupa umeshika vizuri, nianze na magongo kisha nitembee. Kila mtu akafurahi isipokuwa mimi. Daraja lilikuwa bado. Kulikuwa na nafasi, ndogo lakini ipo, na zile hatua za mwisho zilikuwa zimenishinda. Unakanyagaje daraja ambalo halijafika ng'ambo?

Nikakataa kusimama. Mama alinibembeleza, akanifokea, akaninunulia viatu vyekundu akaviweka pale nitakapoviona. Magongo yakakaa pembeni yakishika vumbi. Kliniki wakaniinua kwa nguvu, nikapiga nduru mpaka wakaniacha. Mama akiniuliza shida ni nini, jibu langu lilikuwa lile lile: "Bado haijaisha."

"Nini haijaisha, Muthoni? Niambie mimi mamako."

"Haijaisha tu."

Nilikuwa namsikia akilia jikoni, yaani nyuma ya pazia, kwa sababu jiko letu lilikuwa nyuma ya pazia. Sasa nina watoto na najua kile kilio. Alikuwa anaogopa kwamba ana mtoto wa kubebwa maisha yake yote, na mgongo wa kumbeba ni wake peke yake.

Ndipo akaita akina mama wa ushirika wa kanisani waje waombe. Wakajaa chumba kizima, wengine wakabaki mlangoni. Kiongozi wao alikuwa Mama Joyce, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, mwenye pochi jeusi ambalo halikuwahi kushuka begani. Waliimba, wakaomba, wakaweka mikono kwenye paja langu. Mimi mkono mmoja ulikuwa chini ya blanketi, gemu inawaka, kwa sababu nilikuwa nimefika hatua ya mwisho kabisa na sikuthubutu kuzima. Wakati wa kunyamaza kimya, mtu wangu akaangukiwa na jiwe. Akatoa ule mlio wake wa kufa.

"Nini hiyo inalia?" Mama Joyce akafungua macho.

"Ni mchezo tu wa mtoto," Mama akasema kwa aibu. "Mdogo wangu alimletea."

"Mama Muthoni! Mtoto amevunjwa na gemu, halafu unamlaza na gemu? Unatuita tuombee mguu na chenye kimeufunga kiko kwa blanketi?" Akaninyooshea mkono. "Toa, mwanangu."

"Sitoi."

"Muthoni!" Mama akashtuka, maana kwetu mtoto hamjibu mtu mzima hivyo.

"Sitoi! Bado haijaisha!"

"Shindwa!" mama mmoja akapiga kelele kutoka mlangoni. "Shindwa kabisa!"

Basi ikawa vurugu. Mama Joyce akaingiza mkono chini ya blanketi, mimi nikauma, yeye akavuta, na nguvu zake si zangu. Akatia gemu yangu kwenye pochi, akafunga zipu, akasema ataenda kuichoma mwenyewe kwa mkono wake, akatoka. Nilimtazama Mama. Mama alikuwa anatazama chini.

Sijui niliteremkaje. Nakumbuka simiti ya baridi chini ya nyayo, na lile pochi jeusi likipita katikati ya nguo za watu kwenye kamba. Nilimfikia kwenye geti la ploti. Nilikuwa nachechemea vibaya sana lakini nilikuwa nakimbia, na nikalishika lile pochi kwa mikono yote miwili nikining'inia. "Nipe! Nipe gemu yangu!"

Mama Joyce akatazama miguu yangu. Akainua mikono juu, pamoja na pochi. "Ametembea! Jameni, mtoto ametembea!" Vigelegele vikapigwa mpaka wale vijana wa chumba cha gemu wakatoka nje kuangalia. Mama alipiga magoti pale pale kwenye matope ya mfereji, analia, ananikumbatia kiuno. Mimi nilikuwa naendelea kupiga kelele nirudishiwe kitu changu, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenisikia.

Jumapili iliyofuata, kanisani, wakati wa ushuhuda, Mama Joyce alisimama akaeleza yote. Alivyoeleza ilipendeza: alivyohisi kitu mara tu alipoingia, alivyokitoa, mguu ukafunguka saa hiyo hiyo. Kisha akaniita mbele. Nikatembea na viatu vyangu vyekundu kupitia katikati ya viti, watu wakipiga makofi, na nikapewa maikrofoni. Nilijua kabisa ninachotakiwa kusema, kila mtoto wa kanisa lile alikuwa anajua.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nilitembea kwa sababu Mama Joyce alikuwa anaenda na gemu yangu. Nilikuwa namkimbiza. Naomba anirudishie."

Mtu wa kwaya akacheka, akajizuia. Kisha Mama Joyce akachukua maikrofoni polepole, anatabasamu. "Ni mtoto. Bado anasumbuliwa. Tuendelee kumwombea."

"Sisumbuliwi!" nikasema, na bila maikrofoni ilisikika vizuri tu.

Ndipo nikamwona Mama amesimama kule nyuma. Mama alikuwa mtu wa kukaa kiti cha mwisho kwa sababu nguo zake zilikuwa na harufu ya sukuma wiki. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema neno kanisani zaidi ya amina. Alikuja mpaka mbele.

"Mama Joyce, asante kwa maombi. Nashukuru, na sitasahau. Lakini mtoto amesema ukweli, na mimi nilikuwa pale nikaona. Mrudishie kitu yake."

Mama Joyce akafungua zipu, na gemu yangu ikatoka, haijaungua hata kidogo. Siku zote hizo ilikuwa humo. Alikuwa na wajukuu nyumbani, mimi nina mawazo yangu na nitakufa nayo. Nikaigeuza. Mahali pa kaseti palikuwa wazi.

"Kaseti iko wapi?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa roho yake," akasema. "Nilitupa chooni."

Nikakaa chini. Pale pale, mbele ya madhabahu, nikanyoosha mguu na sikuthubutu kuusogeza. Daraja lilikuwa ndani ya ile kaseti. Kama daraja limezama kwenye choo cha shimo, mguu wangu ulikuwa umeshikwa na nini? Mama akainama, nikamnong'oneza sikioni, yote, kwa mara ya kwanza: mtu mwenye nyundo, miamba, ile nafasi nyeusi kwenye picha. Nilitegemea acheke, au anichape.

Alichuchumaa tukawa uso kwa uso. "Ilikuwa imebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Kipande kimoja."

"Basi tutatafuta kaseti ingine, amalizie." Akajifunga leso upya. "Lakini mimi sikubebi, na pikipiki sipandi. Utaenda na miguu yako."

Mpaka leo sijui kama aliniamini au alinichezea akili, na nilipomuuliza nikiwa mkubwa alicheka tu akaendelea kuchambua mboga. Ninachojua ni kwamba kesho yake hakwenda sokoni. Aliacha mboga kwa jirani, akavaa kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili, tukatoka Rhonda kwa miguu mpaka mjini. Yeye, mtu ambaye hakuwahi kushika gemu, aliingia kibanda baada ya kibanda cha wauza simu na redio akieleza kama mtu aliyesomea: kaseti ya mchezo wa mkononi, ile ya kujaza, yenye mahali pa memori kadi, inayokumbuka ulipofika, na isiwe bei ya kuua. Wengine walimwambia hawaelewi. Wengine walimcheka mbele yangu. Mmoja alimwambia kwamba mama wa kanisa kama yeye hafai kutafuta vitu kama hivyo, na Mama akamjibu hajamwuliza kuhusu kanisa. Mguu uliuma. Nilikuwa nangoja uvunjike kila hatua, na kila hatua nilikuwa namkuta Mama mbele yangu tayari anabishana na mtu mwingine.

Jua lilikuwa kali tulipofika kibanda cha mwisho. Kijana aliyekuwa ndani akafikiri, akachimba kwenye katoni, akaibuka na kikaseti kimechubuka pande zote. Mama akakigeuza, akaingiza ukucha kwenye tundu la memori kadi kuhakikisha lipo.

"Hiyo ni sawa, mathe," yule kijana akasema. "Unampelekea kijana wako?"

"Kijana gani?" Mama akamtolea macho. "Ni ya huyu msichana wangu. Kwani humwoni amesimama?"